Jibu kwa msomaji wa Dodoma kuhusu dizeli "nzito" na dizeli "nyepesi"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Dodoma, aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba dizeli ya sheli moja inampa kilomita mbili zaidi kwa kila lita kuliko dizeli ya sheli nyingine, na kwamba mtu anayejali fedha yake asijaze kwingine. Yeye alizitaja kampuni kwa majina. Mimi sitazitaja, maana ninalotaka kusema halihusu jina lililoandikwa kwenye bango.

Ningeweza kuiacha barua ile ipite. Nimeshindwa, kwa sababu maneno hayohayo niliambiwa na kijana aliyekuwa dereva wangu, nikayakataa kwa hasira, na siku chache baadaye nikamfukuza kazi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, mkazi wa Iringa. Nilifundisha sekondari miaka 31, na kiinua mgongo changu nikanunulia Mitsubishi Canter ya tani tatu na nusu, injini ya 4D33. Inapakia nyanya Ilula na kuzishusha soko la Majengo, Dodoma, safari mbili kwa wiki. Ikishapakiwa hujaza tangi Iringa mjini, huenda Dodoma, na ikirudi hujaza tena palepale. Safari hiyo kwa mita ya gari ni kilomita 530. Daftari la safari naliandika mwenyewe: tarehe, kilomita, lita, matenga yaliyopakiwa, na hali ya barabara. Ni tabia niliyotoka nayo maabara, na nilidhani inanitosha.

Kwa miaka miwili Canter ilikwenda kilomita 6.6 kwa lita, mara 6.4, mara 6.8. Lita 80 hivi kwa safari nzima. Machi ya mwaka juzi sheli tuliyoizoea ilifungwa kwa ukarabati, tukahamia nyingine ng'ambo ya barabara. Mwezi huohuo hesabu ikaanza kushuka: 6.1, 5.8, 5.5, mwisho 5.4. Lita 98 badala ya 80. Dereva akawa hawezi kurudi Iringa bila kuongeza mafuta Dodoma, na kila aliporudi alinikabidhi risiti ya lita 20 za huko. Kwa bei ya karibu shilingi 3,000 kwa lita, zaidi ya shilingi 50,000 zilikuwa zinapotea kila safari, na nyanya zikiwa zimeshuka bei, faida yenyewe haizidi sana hapo.

Nikamwita barazani kwangu. Akaniambia, "Mwalimu, mafuta ya ile sheli mpya ni mepesi. Gari haina nguvu. Nyang'oro napanda na gia ya pili hata nikiwa tupu."

Sentensi ile ya mwisho ndiyo niliyopaswa kuisikia, mimi niliyefundisha kazi na nishati kwa miaka 31. Gari tupu linalopanda mlima kwa gia ya pili, mahali lilipokuwa likipanda kwa ya tatu, linasema jambo kuhusu gari. Lakini mimi nilisikia udhuru. Kila mwenye gari hapa nchini amewahi kuhadithiwa habari za madereva wanaonyonya mafuta kwa mpira na kuyauza kando ya barabara kwa madumu, na mimi nilikuwa nimehadithiwa nyingi. Nikamkata shilingi 20,000 kila safari kwa wiki tatu, safari sita. Ya saba sikumpa ufunguo. Hakubishana. Alinishukuru kwa muda tuliofanya kazi pamoja, akaondoka.

Dereva aliyemfuata alikuwa mtu mzima, mzee wa kanisa letu, ambaye nisingethubutu kumshuku kwa lolote. Safari yake ya kwanza ilikuwa 5.4. Ya pili 5.3.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda na gari mwenyewe kwa fundi, na nikamwomba asianze na injini, aanze na magurudumu. Aliliendesha kilomita kumi, akarudi, akaniambia nisogeze kiganja karibu na drami ya gurudumu la nyuma kushoto bila kuigusa. Ilikuwa na joto la pasi. Breki ilikuwa imeshika. Kwa miezi kadhaa gari lilikuwa linakwenda Dodoma na kurudi huku gurudumu moja likizuiwa, na sehemu ya dizeli niliyoilipia ilikuwa inapasha moto chuma. Kisha nozeli, yaani vipulizio vya dizeli ndani ya injini, zikapelekwa kwa fundi wa pampu, zikafungwa kwenye mashine ya kupimia. Mbili kati ya nne zilikuwa zinakojoa, kama mafundi wenyewe wanavyosema: badala ya kupuliza ukungu mwembamba zinadondosha matone, na tone haliungui lote, sehemu yake hutoka nyuma kama moshi mweusi. Filta ya hewa ilikuwa imejaa vumbi la barabara ya shamba. Kazi yote ilinigharimu shilingi 310,000.

Safari ya kwanza baada ya matengenezo ilikuwa kilomita 6.5 kwa lita, kwa dizeli ileile ya sheli ileile "nyepesi".

Sasa nirudi kwa msomaji wa Dodoma. Anasema gari lake lilikuwa linakwenda 9 kwa lita, alipohama sheli likawa 11. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 22. Naomba tuifanye hesabu pamoja, haina ugumu. Lita moja ya dizeli huwa na uzito wa kati ya gramu 820 na 860 hivi. Kila kilo, iwe imesafishiwa India au nchi za Ghuba, ina nishati ya karibu megajuli 43. Kwa hiyo hata ukichukua dizeli nyepesi kuliko zote zinazoruhusiwa ukailinganisha na nzito kuliko zote, tofauti kwa lita haivuki sana asilimia 5. Asilimia 5 ya kilomita 9 haifiki hata nusu kilomita. Hizo kilomita mbili zimetoka mahali pengine, na ningependa ajue ni wapi, kwa faida yake.

Tena tukumbuke mafuta haya yanatufikiaje. Tangu 2012 nchi yetu huagiza mafuta kwa pamoja. Kampuni hupeleka mahitaji yao, zabuni hutangazwa, mshindi huleta meli, na meli hiyo moja huwashushia wengi mzigo, Dar es Salaam, Tanga au Mtwara. Sheli mbili zinazotazamana hapa Iringa, zenye rangi tofauti na sare tofauti za wahudumu, mara nyingi zinauza mafuta yaliyotoka kwenye meli moja na kupanda mlima Kitonga kwa malori yanayofuatana. Bei nayo ina kikomo ambacho EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hukitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa kila mji. Kwa hiyo tofauti kubwa ambayo msomaji anaiona kati ya bango na bango haikuanzia melini.

Sisemi kwamba tofauti hazipo kabisa. Zipo kampuni zinazoongeza viambato vyao vya kusafisha nozeli kabla mafuta hayajapelekwa sheli, na viambato hivyo vina kazi ya kweli: kwa mwaka mzima, nozeli isiyoshika masizi hubaki inapuliza vizuri. Injini za kisasa zenye matundu madogo sana ya nozeli huhitaji hilo zaidi kuliko 4D33 yangu. Ila kiambato kinalinda ulichonacho. Hakilifanyi gari lisilo na ubovu la kilomita 9 liwe la 11 kwa tangi moja. Na ile namba ya seteni inayotajwa kwenye matangazo inapima jinsi dizeli inavyowahi kuwaka ikipulizwa ndani ya hewa ya moto. Namba hiyo ikiwa kubwa, injini itawaka kwa urahisi asubuhi ya baridi ya Iringa na haitagonga sana, lakini seteni si nishati.

Hili neno "nyepesi" nalo lina historia yake, na sitaki kulidharau. Wenye umri wangu wanaikumbuka miaka ile mafuta ya taa yalipokuwa bei ya chini sana kuliko dizeli, na wasio waaminifu wakawa wanachanganya. Ndipo neno kuchakachua lilipoenea nchi nzima, hadi 2010 likahamia kwenye mazungumzo ya uchaguzi. Mafuta ya taa ni mepesi kweli, gramu 800 hivi kwa lita, na tena ni makavu, hayalainishi pampu ya injini kama dizeli inavyoilainisha. Madereva waliofundishwa kazi miaka ile waliona pampu zikifa, na wakawafundisha vijana wao kunusa mafuta na kuyasugua kati ya vidole. Kisha 2010 vikaanza kuwekwa vinasaba kwenye mafuta ili wakaguzi wajue yaliyochanganywa, na bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa hadi faida ya kuchanganya ikapungua sana. Kijana wangu aliposema "mepesi" alikuwa anatumia neno alilorithi. Nilimhukumu kama aliyelitunga.

Baada ya gari kupona nilitaka kujua kwa yakini. Nilichagua sheli tatu za hapa mjini, zenye mabango matatu tofauti, ikiwemo ile ya zamani iliyokuwa imefunguliwa tena. Safari tano kwa kila moja. Dereva mmoja, matenga 80 kila safari, upepo wa matairi umepimwa kabla ya kuondoka, spidi isiyozidi 80, na kujaza alfajiri kwenye pampu ileile, gari limesimama palepale. Hili la kusimama palepale si dogo. Gari likiinamia upande mmoja tangi hubakiza hewa juu, na dizeli hutoa povu, mkono wa pampu ukajikata kabla tangi halijajaa. Lita tatu za povu katika lita 80 ni karibu asilimia 4, na mtu anayepima kwa tangi moja tu anaweza kuyapa povu hayo jina la kampuni. Tulikuwa tunasubiri povu litulie, tunaongeza polepole hadi mafuta yaonekane shingoni.

Sheli ya kwanza ilitoa wastani wa 6.6, safari zake zikiwa kati ya 6.3 na 6.8. Ya pili 6.6 pia, kati ya 6.4 na 6.9. Tazama jambo hili: sheli moja, mafuta yale yale, na bado safari na safari zinatofautiana kwa nusu kilomita. Siku ya 6.3 palikuwa na upepo wa mbele kuanzia Fufu na turubai lilikuwa limefunguka pembe moja, linapigapiga. Siku ya 6.8 alirudi usiku, barabara tupu, hakusimamishwa popote. Mtu aliyejaza mara moja kwa kila sheli angeweza kuapa kwamba ameona tofauti.

Sheli ya tatu ilitoa 6.4, kati ya 6.1 na 6.6.

Nilifurahi, nikiri, maana nilidhani nimemwonea msomaji wa Dodoma, na kwamba kweli iko dizeli duni. Lakini kabla sijaandika chochote nikachukua dumu jeupe, nikaenda nalo sheli ya kwanza, nikasema niwekewe lita 20 kamili, nikafunga mkanda mwekundu mafuta yalipoishia. Sheli ya pili, lita 20, mafuta yakafika kwenye mkanda. Sheli ya tatu, pampu ikasoma 20 na mafuta yakawa chini ya mkanda. Nilimwomba mhudumu aendelee taratibu hadi yaufikie. Pampu ikasoma 20.5.

Basi mwenye kalamu apige hesabu: 20 kugawanya kwa 20.5, kisha zidisha kwa 6.6. Utapata 6.4. Dizeli ya sheli ile haikuwa na kasoro yoyote. Nilikuwa nauziwa lita pungufu, nami naziandika daftarini kama lita kamili, na gari ndilo linaloonekana linakula. Nilirudia siku nyingine, na dumu jingine, jibu likawa lile lile. Nikatoa taarifa Wakala wa Vipimo. Dumu langu si kipimo cha kisheria na sikudai kuwa ni kipimo. Nilisema tu nilichokiona. Nilipopita pale wiki iliyofuata pampu ile ilikuwa imezungushiwa utepe, na iliporudi kazini dumu langu lilijaa hadi mkandani kwa 20.

Ndiyo maana namwomba msomaji wa Dodoma, kabla hajawahamisha wenzake wote kwenda sheli moja, achukue dumu. Kama sheli aliyoihama ilikuwa inapunja, hilo ni jambo la kutolewa taarifa, kwa sababu wapo wasiosoma gazeti hili wanaoendelea kujaza pale. Na kama haipunji, basi atazame breki, upepo wa matairi, filta, nozeli, na zaidi ya vyote mguu wake mwenyewe. Kati ya spidi 80 na 110 upinzani wa hewa karibu unakuwa mara mbili. Mtu anayehama sheli na siku hiyohiyo akaanza kujipima, huendesha kwa uangalifu zaidi bila kujua, na sifa inakwenda kwa dizeli.

Kwa wenye sheli nina ombi moja. Kile kipimo cha chuma cha lita 20, cha kuhakiki pampu, kikae mahali mteja anapokiona, na mteja akikiomba asitazamwe kama mgomvi. Nimeomba kipimo katika sheli nne mwaka huu. Moja walinipimia bila neno, moja waliniambia nimsubiri meneja, na mbili wahudumu hawakujua kipo wapi. Hao wahudumu ni vijana wa watu, sina ugomvi nao, lakini aliyewaajiri anapaswa kuwaonyesha kilipo.

Kwa wenzangu wenye magari ya mizigo, maana najua tupo wengi tunaowakata madereva kwa kilomita na lita: ukiona hesabu imeshuka, mpandie dereva garini safari moja kabla hujagusa mshahara wake. Kaa naye kitini kutoka mwanzo hadi mwisho. Mimi ningekaa safari moja tu, ningeona gia ya pili pale Nyang'oro, na ningenusa.

Nilimtafuta yule kijana. Siku hizi yuko Makambako, anaendesha Fuso la mbao. Nilimtumia kwa simu shilingi 120,000 nilizomkata, na mshahara wa mwezi juu yake, kisha nikampigia. Nilimweleza yote, breki, nozeli, na dumu. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Breki ilikuwa ya nyuma kushoto, Mwalimu?" Nikamwambia ndiyo. Akasema alikuwa anasikia harufu ya kuungua kila akimaliza kuteremka, akikaribia Migori, na alishasimama mara mbili kutazama. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema alitaka kuniambia siku ile barazani, lakini nilikuwa nimeshasimama.

Nilimwomba arudi. Amenijibu kwa adabu kwamba huko aliko wanamtunza vizuri. Nikamwambia nitaandika gazetini, akaniomba nisimtaje jina, na sijamtaja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu,
Iringa